Mke wangu analia kila daktari akitaja kuruhusiwa kwa mtoto

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi pikipiki, naishi Uyole hapa Mbeya, umri miaka 31. Naomba jina langu lisitoke, maana mji wenyewe huu tunajuana.

Mke wangu alijifungua mapacha mwanzoni mwa mwezi wa nne, mimba ikiwa na wiki 29. Mmoja alifariki siku ya pili. Aliyebaki ni wa kiume, alizaliwa na gramu 1,150, na tangu siku hiyo yuko kwenye chumba cha watoto wachanga mahututi katika hospitali ya rufaa. Sasa tuko wiki ya saba.

Amepitia mengi. Alianza na ile mashine ya kumsaidia kupumua, yenye mipira puani na chupa ya maji inayotoa mapovu pembeni. Akawa wa manjano, akawekwa kwenye taa. Akapata maambukizi kwenye damu, akachomwa sindano mpaka ukajiuliza nesi ataupata wapi mshipa mwingine. Akaongezewa damu. Yote hayo Mungu ametuvusha. Sasa anapumua mwenyewe, ananyonya kidogo na kinachobaki anapewa kwa kikombe, na jana mzani ulisoma gramu 1,780. Mama yake analala hapo hapo hospitali upande wa kangaruu, ambako watoto njiti hubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, mchana kutwa yuko naye.

Kinachotuweka ni kwamba mtoto "anasahau kupumua". Ndivyo manesi wanavyosema. Anakuwa amelala vizuri, ghafla kifua kinatulia, midomo inabadilika rangi, akisuguliwa mgongo anarudi. Daktari ameshatuambia mara mbili tujiandae kwenda nyumbani, na mara zote mbili mtoto akarudia, wakasema tuanze kuhesabu siku upya.

Sasa Shangazi, shida yangu ni mke wangu. Kila daktari akitaja kuruhusiwa, analia. Si machozi ya furaha, nayajua. Nesi akianza kumwambia "mama, ukifika nyumbani utafanya hivi", anageukia ukutani. Wiki iliyopita nilimpelekea lile begi la nguo za watoto tulizonunua Mwanjelwa baada ya altrasaundi, nikijua atafurahi. Alilifungua, akalifunga, akaniambia nilirudishe nilikolitoa. Na ile mara ya pili mtoto alipoacha kupumua wakatuambia hatutoki, nilimwona amepumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hilo limenitisha kuliko mashine zote.

Mama yangu yuko Kiwira. Ameshaandaa chumba, amenunua gunia la mkaa ili jiko liwake humo usiku kucha maana baridi ya kule unaijua, amewaambia akina mama wa kanisani na majirani. Anasema pia kuna taratibu za mapacha za kwetu ambazo hazijafanyika, na mtoto lazima anyweshwe dawa. Pacha mwenzake tulimzika huko huko, mimi na baba mdogo, mke wangu akiwa bado kitandani. Mama hataki kusikia habari ya kubaki mjini. Anasema, "Huyo mtoto atakaa hospitali mpaka aote meno? Mkeo kamkataa, sema unaogopa kusema." Mke wangu naye ukimtajia Kiwira anakuwa mkali, na zamani hawakuwa na ugomvi wowote.

Mimi mwenyewe mtoto namwona dirishani jioni nikipeleka chakula. Sijawahi kumshika. Mikono yangu ni hii ya grisi na petroli, naogopa kumletea ugonjwa, na ile wodi ni ya akina mama.

Juu ya hayo, mke wangu ameajiriwa kwenye saccos hapa mjini na bosi wake ameshapiga simu kwamba siku 84 zinaisha, mwisho wa mwezi wa sita awe kazini.

Naomba uniambie: ni kweli mke wangu amemkataa mtoto? Nimpeleke Kiwira kwa mama? Na je, nikiwabana madaktari watuachie, kwa kuwa nimeona wenzetu wakitoka na watoto wenye uzito mdogo kuliko wa kwetu, nitakuwa nimekosea?

Fundi, Uyole

*

Marahaba mwanangu. Poleni sana, wewe na mwenzako.

Katika barua yako yote kuna sentensi moja iliyonikaba. "Mmoja alifariki siku ya pili." Maneno matano, halafu ukaendelea na gramu. Ukarudi kumtaja huko chini kwa ajili ya kunieleza mama yako anataka nini. Sikulaumu, wanaume wa kwetu mmefundishwa kuzika na kurudi kazini. Lakini mkeo aliingia hospitali akiwa na watoto wawili, na mmoja akachukuliwa, akazikwa na watu wengine, mahali ambapo yeye hajapaona, yeye akiwa amelala kitandani na mwingine yuko kwenye mashine. Hakupewa hata nafasi ya kulia, kwa sababu kila mtu alimwambia "shukuru umebaki na mmoja". Na sasa unashangaa kwa nini hataki kusikia Kiwira. Kiwira kuna kaburi la mwanawe.

Lile begi nalo. Mlikwenda Mwanjelwa baada ya altrasaundi, maana yake mlikuwa mmeshaambiwa ni wawili. Basi nina hakika humo ndani kila kitu kipo viwili viwili: kofia mbili, soksi jozi mbili, vile vishati vya kufungia mbele viwili viwili. Akafungua, akaona, akafunga. Usilirudishe hospitali hivyo lilivyo. Lipeleke nyumbani, toa seti moja, fua, anika juani, piga pasi, umpelekee hiyo moja kwenye mfuko wa kawaida. Zilizobaki zihifadhi. Usizigawe kwa mtu yeyote, hata dada yako mwenye mimba, mpaka mwenyewe aseme.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivi: hapana, hajamkataa. Mwanamke aliyemkataa mtoto hashindi naye kifuani mchana kutwa kwa wiki saba. Anachokiogopa ni kutoka. Hapo ndani mtoto akitulia kifua, kuna nesi hatua tatu, kuna oksijeni ukutani, kuna mtu wa zamu saa nane za usiku. Nyumbani Uyole kuna yeye peke yake na tochi ya simu. Ameshazika mmoja bila kumwona, unadhani akilala anaota nini? Kule kushusha pumzi ulikokuona hakukuwa furaha ya mtoto kuumwa. Alikuwa amepata siku nyingine saba za kutokuwa peke yake. Na neno "peke yake" lichukue kwa uzito, maana linakuhusu wewe. Nitalirudia.

Kwanza hili la kupumua, kwa sababu naona hamjaelezwa vizuri au mlielezwa mkiwa mmechanganyikiwa. Hesabu nami: wiki 29 tumboni, ongeza saba za nje, ni 36. Kwa hesabu ya mimba, mwanao leo angekuwa bado tumboni na mwezi mzima mbele yake. Sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi haijakomaa. Fikiria pikipiki inayozima kila ukiachia mkono wa mafuta. Injini haina ubovu, haijakaa sawa tu. Ndiyo maana akisuguliwa anarudi. Wengi wao huanza kutulia wakifika wiki ya 36 au 37 ya hesabu hiyo ya mimba, ingawa wale waliozaliwa mapema sana huweza kuchelewa zaidi. Huwa wanapewa dawa ya kuamsha pumzi, kafeini au aminofilini, na dawa hiyo ikisimamishwa madaktari wanataka waone siku kadhaa mfululizo bila tukio hata moja, mara nyingi tano hadi saba, ndipo wamwamini. Akirudia siku ya nne, wanaanza moja. Inachosha, najua. Ila ndiyo hesabu inayomzuia asifanye hivyo kwa mara ya kwanza ndani ya kosta mnapokwenda Kiwira.

Kwa hiyo, usiwabane. Hao wenzenu waliotoka na uzito mdogo hukujua watoto wao walizaliwa na wiki ngapi wala kama waliwahi kuacha kupumua. Gramu ni kigezo kimoja tu. Wanaangalia pia kama anatunza joto lake, kati ya 36.5 na 37.5, akiwa kifuani au amevishwa tu. Kama anameza vya kutosha bila mpira na bila kuchoka. Kama anaongezeka kila siku. Na kama ninyi wenyewe mnajua kumtunza. Ukiacha hilo la kupumua, hicho cha mwisho ndicho mlichokwama nacho, na hakimhusu daktari.

Sasa wewe. Mwanangu, umekuwa baba wa dirishani kwa wiki saba. Mikono ya grisi inaoshwa. Funga kibanda mapema siku moja, oga nyumbani kwa sabuni, kata kucha zote ziwe fupi kabisa na upitishe mswaki chini yake, vaa shati safi la vifungo, nenda. Usipitie kibandani tena njiani, hata kama mteja anapiga simu. Ukifika, mwambie nesi wa zamu: "Nataka kufundishwa kumbeba mwanangu kangaruu." Kama wodi ina saa za akina baba, utapangiwa. Kama wana wasiwasi na faragha ya akina mama wengine, watakuwekea pazia au kiti pembeni. Nimeona watu wanakubaliwa kwa kuomba kistaarabu, na nimeona wengi zaidi ambao hawakuwahi kuomba.

Utavua vesti, mtoto atawekwa wima katikati ya kifua chako akiwa na nepi, kofia na soksi tu, miguu imekunjwa kama chura, shavu limegeuzwa upande mmoja ili pua na mdomo vionekane, shingo isikunjwe mbele wala kulegea nyuma. Kisha atafungwa kwa kitambaa kinachofika chini ya sikio. Utashangaa jinsi alivyo mwepesi, na utashangaa zaidi jinsi anavyotoa joto. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, vyombo vya kupashia joto vilipokuwa havitoshi, lakini isichukuliwe kuwa ni dawa ya maskini. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo: watoto wenye uzito mdogo walioanza kubebwa hivi mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo kuliko waliosubiri kwanza mpaka watulie. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza abebwe hivyo saa nane hadi 24 kwa siku. Hakuna mwanamke mmoja anayeweza saa 24. Anahitaji kifua cha pili, naye akaoge, ale chakula kikiwa cha moto, alale usingizi wa mtu mzima. Hicho kifua ni chako.

Na ukikaa hapo, ndipo utaona anachokiona mkeo. Utajua kupumua kwa mtoto njiti kulivyo: anaenda mbio, anasita kidogo, anaenda tena, na kusita huko kwa sekunde chache ni kawaida. Kusikokuwa kawaida ni kunakofika sekunde 20 au kunakombadilisha rangi. Ombeni manesi wawafundishe ninyi wawili pamoja, kwa vitendo, nini cha kufanya: kumsugua mgongo, kumpigapiga wayo kwa kidole, kunyoosha shingo, na asiporudi, namna ya kumpulizia pumzi ndogo mdomo wako ukiwa umefunika mdomo na pua yake. Fanyeni kwa mwanasesere mpaka mikono izoee. Msikubali kuelezwa kwa mdomo tu mlangoni siku ya kutoka mkiwa na mabegi mkononi.

Halafu ombeni kitu kingine, na hili ndilo litamtoa mkeo woga kuliko maneno yangu yote. Kabla ya kuruhusiwa, akae usiku mbili tatu upande wa kangaruu akimhudumia mtoto kila kitu mwenyewe kama yuko kwake: kunyonyesha kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia, kumpa kikombe, kumpima joto, kumpa matone ya madini chuma na vitamini kama ameandikiwa, manesi wakikaa mbali mpaka waitwe. Mwanamke aliyevuka usiku wa namna hiyo hageukii ukutani anapoambiwa "ukifika nyumbani".

Lakini sikia na hili. Kama atakuwa hali, halali hata mtoto akiwa kwako, haongei, au akitamka kwamba ni heri naye angekwenda, usiseme "jikaze". Mwambie nesi au daktari siku hiyo hiyo. Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa, na wanawake wenye watoto mahututi hupatwa nao kuliko wengine. Inatibika, hata akiwa ananyonyesha.

Na yule mtoto mwingine mzungumzieni. Mwambie mlimzika wapi hasa, chini ya mti gani, nani alisali, alifungwa shuka gani. Hajui. Atalia sana, na wewe huenda ukalia. Wodini pale hakuna atakayeshangaa.

Kuhusu Kiwira, jibu ni hapana, kwa sasa. Kwanza ni usiku. Mtoto akibadilika saa nane usiku Kiwira, utapanda nini mpaka Mbeya? Uyole bajaji unaipata, na ukiikosa unabisha hodi kwa jirani mwenye gari. Pili ni lile jiko. Najua baridi ya Rungwe mwezi wa sita na wa saba, ile ya ukungu na manyunyu inayoingia mpaka kwenye godoro, na najua kila nyumba ina jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu wazima wanalala nayo wasiamke. Sembuse huyu. Hata Uyole, ambako nako si kwa mchezo, usiwashe. Joto lake ni ngozi ya mtu, kofia, soksi na blanketi juu ya wote wawili. Dirisha lisizibwe kabisa. Jikoni kwenye moshi asipelekwe, na asiogeshwe kila siku kwa sababu tu ndiyo desturi. Asipokuwa kifuani, alale chali, mahali pake mwenyewe.

Dawa ya kunywesha, sitazunguka: hakuna kitu kinachoingia mdomoni mwa mtoto huyu isipokuwa maziwa ya mama yake na kile daktari alichoandika. Si maji, si maji ya sukari, si dawa ya mapacha wala ya mchango. Utumbo wake bado mchanga kuliko umri wake. Taratibu za ukoo sizidharau, nimekulia humo. Nyingi zinaweza kufanywa na wazee wenyewe huko nyumbani kwa maneno na sala, mtoto akiwa kwake, au zikasubiri.

Mama yako usimjibu kwa simu. Nenda Kiwira Jumapili moja, kaa naye chini, mwanzie na shukrani ya chumba na mkaa, kisha umwombe kazi. Mwambie: "Mama, nakuhitaji wewe mjini, peke yako, uje utusaidie kumbeba." Mpeleke hospitali afundishwe kangaruu na nesi, si na mkeo, mama mkwe kufundishwa na mkwewe ni ugomvi mwingine. Bibi anayembeba mjukuu wake kifuani na kuona mwenyewe jinsi kifua kile kinavyosita, hatauliza tena habari ya meno. Na sharti liwe moja linalowahusu wote: mwenye mafua au kikohozi haingii, awe bibi, awe mchungaji. Akina mama wa kanisani waambiwe watapewa tarehe. Wakitaka kusaidia leo, wachange maharage na nauli, hivyo havina vijidudu.

Siku ya kutoka msiondoke bila karatasi, na muulize waziwazi kuhusu macho. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya gramu 1,500, na aliyewahi kupewa oksijeni, anatakiwa kuchunguzwa nyuma ya jicho, kwani mishipa yake inaweza kuota vibaya akapoteza uwezo wa kuona, na kwa nje huwezi kujua. Uchunguzi wa kwanza hufanyika akiwa na wiki nne hivi, ninyi mmeshapita hapo. Kama ulifanyika, iandikwe lini mrudi. Kama haukufanyika, ulizeni ni wapi utafanyika na lini, msiridhike na "mtaambiwa". Ulizeni na masikio. Chanjo inafuata tarehe aliyozaliwa, lakini kukaa na kutambaa kunafuata tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, kwa hiyo wakianza kumlinganisha na mtoto wa jirani, mtoe wiki 11 kwanza.

Wakati wa kumrudisha hospitali bila kusubiri kupambazuke: akigoma kunyonya au akiacha katikati mara kwa mara, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, mbavu zikibonyea ndani, akiwa wa moto au wa baridi na kangaruu haimpashi, akilegea asiamke, akipata degedege, nyayo zikiwa za manjano, na bila shaka akiacha kupumua tena, hata kama amerudi mwenyewe. Nauli ya usiku iwekwe kwenye simu, isiguswe.

Mwisho ni bosi. Siku 84 ni za aliyejifungua mtoto mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 100 zenye malipo mwanamke aliyejifungua zaidi ya mmoja kwa mara moja, na mkeo alijifungua wawili, hata kama mmoja hayupo. Zaidi ya hapo, marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yameweka nyongeza ya likizo kwa aliyejifungua njiti. Chukua barua ya hospitali inayoonyesha mapacha na wiki za mimba, toa nakala, ipeleke kwa mwajiri kwa mkono na usainiwe kwamba imepokelewa. Wakileta maneno, ofisi ya kazi ya mkoa ipo hapo hapo Mbeya. Na kama fedha za wodini zimekushinda, hospitali ina afisa ustawi wa jamii. Muone kabla hujauza spana zako.

Shangazi